Ruta ya waifai: Usihesabu antena, uliza usalama

Tangu Starlink ianze kuuza huduma Kenya mnamo Julai 2023, intaneti ya nyumbani si mambo ya Nairobi pekee tena. Lakini kijana anayetoka Bura kwenda Voi kununua ruta huuliza mawili tu: bei na idadi ya antena. Hapo ndipo tunapigwa.

Antena nyingi haziondoi ukuta wa mawe. Masafa ya 2.4GHz hufika mbali ila ni ya polepole. Ya 5GHz yana kasi, lakini ukuta huyamaliza nguvu. Chukua ruta yenye yote mawili, uiweke juu, katikati ya nyumba, si nyuma ya TV.

Usalama je? Mwaka wa 2016, programu hasidi ya Mirai iliteka malaki ya kamera na ruta kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Oktoba 21, Twitter na Netflix zikawagomea watu wengi. Wenye vifaa hawakujua lolote.

Sasa angalia ploti yenu: nywila ya waifai inajulikana na kila mpangaji, na ile ya mipangilio haijawahi kuguswa. Anayeingia humo anaweza kukupeleka kwenye tovuti feki, na kazi yako ya mtandaoni iko hapo hapo.

Kwa hivyo dukani uliza: Ina WPA3? Kampuni bado inatoa masasisho? Ukifika nyumbani, badilisha nywila zote mbili, na wageni wafungulie mtandao wao. Rahisi ghali, bana.