Mvua, boti ya mfereji na swala iliyosubirishwa



Ndugu zangu katika imani, kijana wetu mmoja anayeishi Birmingham, Uingereza, ameniletea suala, na kwa idhini yake nalijibu hapa ili wengi wafaidike. Yeye na wenzake sita walikodi boti ya mfereji kwa siku tatu, kutoka Birmingham kwenda Worcester. Siku moja mvua ikanyesha kutwa. Ilipoingia adhuhuri, mzozo. Wawili waliswali wamekaa. Wawili wakafupisha na kukusanya na alasiri, wakisema sisi wasafiri na tena kuna mvua. Waliobaki, naye akiwa mmoja wao, wakasema tutalipa zote usiku tukishakauka. Nani alipatia?

Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, hakuna.

Tuanze na safari. Mfereji ule wote, tangu Birmingham hadi Worcester, una maili 29, yaani kiasi cha kilomita 47. Boti zile haziruhusiwi kuzidi maili nne kwa saa, mtu akitembea kwa haraka anaipita. Tena njiani kuna milango ya maji 58, ya kushushia boti kutoka juu kwenda chini, na pale Tardebigge iko 30 inayofuatana. Ndiyo maana siku tatu zinakwisha. Lakini safari ya kufupisha swala hupimwa kwa masafa, haipimwi kwa siku wala kwa uchovu. Masafa yenyewe ni marhala mbili, zaidi ya kilomita 80 kwa kwenda tu. Mtu akivuka masafa hayo kwa ndege kwa dakika chache ni msafiri, na aliyekaa siku tatu juu ya maji bila kuyakusudia si msafiri. Wako wanavyuoni waliosema safari ni kile ambacho watu kwa ada yao hukiita safari. Mwenye kuifuata kauli hiyo kwa elimu simkemei. Ninayemkemea ni yule anayeikumbuka siku ya mvua tu.

Na mvua je? Ruhusa ya kukusanya kwa mvua ipo, nayo ni rehema. Kwetu imewekwa kwa wanaokwenda kuswali jamaa msikitini kutoka mbali, wanaotaabika njiani, ili wasirudi tena kulowa. Ninyi msikiti wenu ulikuwa hatua tatu, chini ya paa, pengine na jiko linawaka! Aliyelowa ni mmoja tu, yule aliyesimama nyuma tezini ameshika kana, naye angeweza kupokewa.

Sasa waliokaa. Imepokewa kwamba Mtume s.a.w. aliulizwa kuhusu swala ndani ya merikebu, akaamrisha mtu asimame, isipokuwa akiogopa kuzama. Kuzama wapi? Mfereji ule sehemu nyingi maji hayafiki kifuani. Boti ni nyembamba kweli, upana wake ni kama mita mbili, lakini mtu wa kawaida husimama ndani yake, na msala unatandikika hata kwa kukata upana, mkisogeza viti. Haina mawimbi ya Nungwi ile.

Tatizo la haki ni kibla. Kutoka Birmingham kibla ni kusini-mashariki, na mfereji unapinda, kwa hiyo anayeswali faradhi boti ikigeuka lazima naye ageuke. Lakini kwa nini mjitaabishe? Chombo hicho husimama karibu popote. Kando ya maji kuna njia, zamani walipita farasi waliokuwa wakizivuta boti hizo. Mnafunga kamba, mnaswali jamaa ndani, mnaendelea. (Ndani, nasema, maana njia ile hupitishwa mbwa wengi na siku ya mvua hujui unachokanyaga.) Hata pale penye milango 30 pana nafasi. Boti ikiingia katika chumba cha maji haigeuki hata kidogo, kwa sababu kuta zimeibana pande zote mbili, na chumba huchukua dakika kadhaa kumaliza kushuka. Nahodha abaki na kana yake, wawili wafungue milango, wengine waswali. Mlango unaofuata mnabadilishana.

Waliobaki ndio walionihuzunisha zaidi. Wale wanne angalau walisimamishwa na wakati wa Mwenyezi Mungu, wakakosea namna. Hawa waliusikia wakati ukiingia, wakauacha upite, ukafuata wa alasiri, ukafuata wa magharibi, kwa sababu ya nguo mbichi. Hakuna madhehebu ninayoijua inayompa mtu hilo. Mjukuu wa watu waliokuwa wakiswali ndani ya majahazi, kusi inavuma, leo anashindwa na mfereji?

Kijana wangu, wewe na wenzio mliochelewesha, kulipa mmeshalipa, sasa leteni toba. Waliokaa warudie swala walizoswali kwa kukaa. Waliofupisha na kukusanya bila kufuata kauli ya mwanachuoni yeyote, nao warudie adhuhuri na alasiri ya siku ile, kamili, rakaa nne nne.

Wallahu aalam.