Akitoa uloto, atabakiwa na nini?

Desemba iliyopita, wakati watu wanapandisha Kilimanjaro kula sikukuu nyumbani, nilikaa Moshi mjini kunywa kahawa na rafiki yangu aliyeolewa Kibosho. Hakuwa na raha. Kisa? Mumewe amekubali kumtolea uloto mdogo wake wa mwisho, mtoto wa miaka 11 mwenye selimundu. Vipimo vimeonyesha wanalingana.

"Shoga, huyu ndiye baba wa mwanangu," aliniambia. "Wakishamnyonya mifupa, mimi nitarudishiwa mume gani?"

Sikumcheka. Anayependa lazima aulize.

Ukweli ni huu. Ndani ya mifupa, hasa ya nyonga, zimo seli shina, mama wa chembe zote za damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kiwanda hicho hakifungwi hata Jumapili. Lakini seli shina hazijiwezi peke yake. Mwaka 1977, Michael Dexter na wenzake mjini Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba seli shina za panya zikilazwa juu ya tandiko la seli za stroma, yaani seli walezi wa uloto, huendelea kuzaa damu kwa miezi. Mwaka uliofuata Ray Schofield akatoa hoja kwamba seli shina ina kiota chake, na ikitoka humo haibaki kuwa ile ile.

Mtu wa Kibosho haitaji darasa refu hapo. Fikiria kihamba. Mibuni inakaa chini ya migomba, migomba inatoa kivuli na kutunza unyevu. Stroma nayo hutoa protini ya kuilisha seli shina, nyingine ya kuishikilia isizurure, na ishara za kuituliza isijichoshe kwa kuzaa ovyo.

Sasa turudi kwa shemeji. Daktari humlaza kwa dawa ya usingizi na kuvuta kwa sindano sehemu tu ya uloto wa nyonga. Kiota kinabaki, na seli shina zilizobaki hujaza pengo, kwa kawaida ndani ya wiki 4 hadi 6. Nyonga itauma siku kadhaa na uchovu utakuwepo. Dawa ya usingizi nayo ina hatari zake, ingawa ni ndogo, ndiyo maana mtoaji hupimwa vizuri kwanza.

Kwa mtoto, dawa kali huondoa kwanza uloto wenye kasoro. Kisha uloto wa kaka yake huingizwa kwenye mshipa, kama mtu anavyoongezewa damu. Hakuna anayepasua mfupa. Seli shina husafiri zenyewe, zikifuata wito wa protini ya stroma, hadi zinapata makao. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwafanyia hivyo watoto wenye selimundu mwaka 2023. Na kumbuka, uwezekano wa ndugu wa baba na mama mmoja kulingana kabisa ni asilimia 25 tu. Wengi hutafuta, wakakosa.

Nilipomaliza, rafiki yangu alinyamaza kidogo. Kumbe kilichomuuma zaidi si nyonga. Uamuzi ulipitishwa kwenye kikao cha ukoo, yeye akaletewa taarifa.

Hapo ndipo nina neno kwa akina kaka. Ukiamua kumwokoa mdogo wako, Mungu akubariki. Lakini ukitoka hospitali unachechemea, nani atakupikia mtori, atakuombea ruhusa kazini, atambeba mtoto usiku? Huyo ndiye stroma yako. Mshirikishe mapema, mwende naye kwa daktari, aulize maswali yake yote hata yale ya kijinga.

Wakati naandika haya, wameshakwenda pamoja. Yeye ndiye aliyebeba faili.

Tukutane mwezi ujao.