Mwalimu Alisema Nini Hasa?

Kipindi cha wiki hii kilinirudisha mbali.

Nilikuwa na miaka 13, hapa London. Siku ya wazazi shuleni kwa mdogo wangu, mama alinibeba kama mkalimani wake. Mwalimu akaeleza kirefu: dogo anaanza kazi hamalizi, anapoteza vitu kila siku, ukimwita yuko mbali kimawazo, lakini akili anazo. Mimi nikafupisha: “Mama, anasema ni mvivu.”

Usiku ule dogo alilala analia. Alikuja kuambiwa ana ADHD akiwa chuo tayari.

Kwa hiyo wazazi, na ninyi kaka na dada mnaotafsiri, sikilizeni. ADHD siyo utukutu tu. Wapo wasiotulia kwenye kiti, na wapo wanaokaa kimya wakitazama dirishani. Hawa wa kimya, hasa wasichana, ndio husahaulika. Mwalimu anaweza kuona dalili, ila kuthibitisha ni kazi ya wataalamu, na kwa kawaida unaanzia kwa GP wako.

Foleni ni ndefu, najua. Lakini hapa England shule haitakiwi kungoja karatasi ya daktari ndipo imsaidie mtoto. Kila shule ya kawaida ya serikali lazima iwe na mwalimu wa mahitaji maalumu, wanamwita SENCO. Omba kikao naye. Omba vitu vidogo: mtoto akae mbele, apewe maagizo mafupi moja moja, tena yaandikwe, aruhusiwe kunyoosha miguu kidogo. Msaada wa shule usipotosha, mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia halmashauri impime mtoto mahitaji yake. Ndani ya wiki 6 wanatakiwa wakujibu kama watampima au la. Scotland na Wales wana utaratibu wao.

Na jambo la mwisho, ndilo lililonifanya niandike. Waambie shule mapema kwamba unahitaji mkalimani mtu mzima. Usimbebeshe mtoto mzigo ule.

Majuzi mama aliniuliza, taratibu tu, huku anachambua mchele: “Hivi, mwanangu, yule mwalimu alisema nini hasa?”

Nikakaa chini, nikamtafsiria upya, neno kwa neno.