Simu Mkononi, Je, Elimu Kichwani?

Kila ifikapo Oktoba, wakati wa minada ya korosho Tandahimba na Newala, vyuo vikuu navyo hukaribia kufungua milango. Mzazi husubiri malipo ya chama chake cha msingi huku akipiga hesabu: ada, nauli, godoro, na siku hizi kompyuta mpakato au simu ya kisasa. Basi ana haki ya kuuliza: chombo hiki kimemwongezea mwanangu elimu kiasi gani?

Hatukatai manufaa yake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewafungulia mlango wa elimu ya juu watu wasioweza kuacha kazi wala familia zao. Kwa mama wa Tandahimba anayelea watoto, kufikiwa na masomo akiwa nyumbani ni neema kubwa.

Hata hivyo, tusisahau mwaka 2020. Vyuo vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na vijana wetu wakakaa nyumbani hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni. Wengi walikuwa na simu, lakini kwa wengi masomo yalisimama. Tulijifunza kwamba kumiliki chombo ni jambo moja na kusomea chombo ni jambo jingine. La pili lahitaji mwalimu aliyejiandaa, intaneti ya uhakika, umeme na mahali patulivu.

Mwaka 2014, watafiti Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa Marekani walieleza kuwa wanafunzi walioandika kwa kompyuta darasani walinakili maneno mengi zaidi ya mhadhiri, lakini katika maswali ya ufahamu walizidiwa na walioandika kwa mkono. Wengine waliorudia utafiti huo hawakuipata tofauti hiyo kwa uwazi ule. Kwa hiyo tusiharakishe kuilaumu kompyuta. Anayenakili bila kufikiri hupata hasara, awe ameshika kalamu au kompyuta. Leo akili mnemba yaweza kumwandikia insha nzima, naye asiambulie hata faida ya kunakili.

Kipimo tunacho tangu zamani. Katika madrasa zetu, mwanafunzi hahesabiwi kuwa amehifadhi sura mpaka aisome mbele ya ustadhi, msahafu ukiwa umefungwa. Kijana wetu wa chuo naye apimwe hivyo. Akirudi likizo, baada ya swala ya Isha, tumwombe aweke simu kando, atueleze somo moja alilosoma, kwa maneno ambayo bibi yake atayaelewa.

Akiweza, fedha ya korosho imefika mahali pake. Asipoweza, tusimkemee mbele ya wadogo zake. Tukae naye faraghani tumuulize anasomaje, kwani huenda alinunuliwa chombo na hakuna aliyemfundisha namna ya kukisomea.