Ahadi za mwalimu wa awali zisiishie kwenye daftari

Na Mwandishi Wetu, Hai

KATIKA eneo la Kwa Sadala, kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, mtoto wa miaka mitano huingia darasani akiwa na lugha zaidi ya moja masikioni. Nyumbani husikia Kimachame au Kipare, sokoni husikia Kiswahili cha wauza ndizi, na shuleni hutakiwa kujifunza kwa Kiswahili sanifu. Anayempokea ni mwalimu wa awali. Namna atakavyompokea yaweza kuamua kama mtoto huyo ataipenda shule au ataikimbia.

Ndiyo maana suala la mafunzo ya walimu hao halipaswi kuachiwa vyuo peke yake. Kila mwanachuo wa ualimu huondoka chuoni akiwa na ahadi: kumheshimu mtoto, kutompiga, kumsaidia aliye nyuma. Swali ni hili: ni kwa njia gani mwalimu huyo, akiwa peke yake darasani miaka mitatu baadaye, atajua kama ahadi hizo bado anazitimiza?

Kisera, nchi imepiga hatua. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja. Januari 2016 ada iliondolewa kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne, na watoto wakafurika madarasani. Mtaala wa elimu ya awali uliotolewa mwaka huohuo ulielekeza mwalimu mmoja awe na watoto 25, lakini shule nyingi za serikali zina idadi inayozidi hapo kwa mbali.

Kwa upande wa kumbukumbu, mwalimu wa Tanzania hana upungufu wa karatasi. Analo azimio la kazi, andalio la somo, shajala ya somo na daftari la mahudhurio. Andalio la somo lina nafasi ya tafakari na ya tathmini, ambamo mwalimu anatakiwa kueleza kilichofanikiwa na kilichokwama.

Hata hivyo, wanaozifahamu shule zetu wanaijua sentensi inayojazwa humo: "Somo limefundishwa na limeeleweka." Huandikwa leo, kesho na keshokutwa. Wapo wanaoiandika asubuhi, kabla hata somo halijafundishwa. Sentensi hiyo haimtaji mtoto yeyote wala haimsaidii mwalimu kuamua afanye nini kesho yake.

Si haki kumlaumu mwalimu peke yake. Anaandika hivyo kwa sababu anajua msomaji wake ni nani. Daftari lake husomwa na mwalimu mkuu na mdhibiti ubora wa shule, tena mara nyingi kwa kuangalia kama nafasi zimejazwa. Mwalimu atakayeandika kwamba watoto kumi hawakumwelewa, au kwamba alikasirika akamfokea mtoto, anakuwa ameandika ushahidi dhidi yake mwenyewe. Tafakari ya kweli haiwezi kustawi mahali ambapo ukweli huadhibiwa.

Ipo njia nyingine, na mkoa wa Kilimanjaro si mgeni kwayo. Ushirika wa Neema, masista wa Kilutheri wenye makao yao Moshi, wamekuwa wakiandaa walimu wa awali kwa njia ya Montessori, iliyoasisiwa na daktari wa Italia, Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma Januari 6, 1907. Katika mafunzo ya njia hiyo, mwanachuo huandika albamu zake mwenyewe, akieleza kila zana na hatua za kuionyesha kwa mtoto, kuanzia kazi za maisha ya kila siku na milango ya fahamu hadi lugha na hisabati. Aidha, hufundishwa kukaa kimya, kumtazama mtoto na kuandika alichokiona kabla ya kutoa hukumu.

Faida yake iko wazi. "Mtoto ni mzito" ni hukumu. "Amemimina maji mara sita, hakuzungumza na mwenzake, alitabasamu alipoitwa kwa Kimachame" ni kumbukumbu. Ya kwanza inamfungia mtoto mlango. Ya pili inamwonyesha mwalimu pa kuanzia.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni ya shule zenye watoto wachache na zana za kutosha. Hoja hiyo ina uzito, lakini hesabu si ngumu. Mwalimu mwenye watoto 25, akiandika mistari miwili kuhusu watoto watano kwa siku, atawafikia wote kwa wiki moja. Mwenye watoto 75 atahitaji wiki tatu. Hata huyo, katika muhula mmoja, kila mtoto atakuwa ameandikwa zaidi ya mara moja.

Hapo ndipo ahadi binafsi zinapopata maana. Ahadi ya kuwapenda watoto wote ni njema, lakini haipimiki. Ahadi ya kuwaandika watoto watano kila siku, au kutomaliza wiki bila kuzungumza na mtoto aliye kimya kuliko wote, inaweza kukaguliwa na mwalimu mwenyewe kila Ijumaa.

Historia inatuonya. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, walimu wengi waliandaliwa wakiwa tayari wanafundisha ili kufanikisha elimu ya msingi kwa wote. Chini ya MMEM, ulioanza mwaka 2002, wanachuo walikaa mwaka mmoja chuoni na mwingine shuleni. Mahitaji yalikuwa ya haraka, lakini mwalimu anayejifunzia kazini bila mtu wa kusoma naye daftari lake huishia kuyazoea makosa yake.

Leo ipo fursa. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, unawataka walimu wakutane shuleni na kujadili ufundishaji wao. Vikao hivyo vikianza kwa kila mwalimu kusoma ukurasa mmoja wa alichokiona kwa watoto wake, daftari litapata msomaji ambaye hana kalamu ya kuadhibu.

Yanayohitajika ni machache. Vyuo vimpime mwanachuo kwa uwezo wa kutazama na kuandika, na si kwa wingi wa maandalio pekee. Wadhibiti ubora waulize mwalimu alibadilisha nini baada ya tafakari yake, badala ya kuhesabu nafasi zilizojazwa. Na karatasi mpya isiongezwe kabla ya ya zamani kupunguzwa.

Bila hayo, mtoto wa Kwa Sadala anayekaa kimya nyuma ya darasa ataendelea kuandikiwa kwamba somo limeeleweka.