Serikali ya umoja ni amana, si pazia



Ndugu Waislamu, kuna swali linalostahili kuzungumzwa majumbani mwetu kabla halijazungumzwa majukwaani. Vyama viwili vinapounda serikali moja, kisha uchaguzi ukakaribia na kila kimoja kikataka kumwangusha mwenzake, nani atakayejibu kwa yale yaliyoharibika?

Jirani zetu wa Zanzibar wamelipitia jambo hili. Baada ya chaguzi za 1995 na 2000, chuki ya CCM na CUF ilifika pahala ambapo watu walisusiana maduka, maziko na hata misikiti. Januari 2001 damu ya Waislamu ilimwagika, na watu zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Wengi wetu huku Tanga, toka Amani hadi Lushoto, tuna ndugu na jamaa Pemba, na tunayajua machungu hayo.

Mwenyezi Mungu akajaalia kheri. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikaa pamoja wakayamaliza. Katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, asilimia 66.4 ya wapiga kura waliridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Oktoba mwaka huo Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Tofauti ndogo kama hiyo miaka ya nyuma ingezaa maafa. Safari hii ilizaa Rais na Makamu wa Kwanza wa Rais.

Hata hivyo, umoja una mtihani wake. Wenzetu wa Kenya, walipopatana Kibaki na Raila Februari 28, 2008, waliiita serikali yao ya mseto. Mseto ni mchele na choroko katika chungu kimoja. Ukiungua, mchele husema ni choroko, na choroko husema ni mchele, ilhali mwenye njaa analala na njaa yake. Huo ndio ugonjwa wa kwanza: kila mshirika hujinasibisha na mafanikio, na lawama humtupia mwenzake.

Ugonjwa wa pili ni ukimya. Wote wakiwa serikalini, anayehoji huambiwa anavunja umoja. Hili halina msingi katika dini yetu. Sayyidna Abubakar (R.A.), alipokabidhiwa ukhalifa, aliwataka watu wamsaidie akitenda mema na wamnyooshe akikengeuka. Ikiwa yeye aliomba kunyooshwa, waziri wa leo ni nani hata asiulizwe?

Inawezekana kuwajibika ndani ya serikali ya pamoja. Julai 18, 2012, meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, haujatimia mwaka tangu kuzama kwa MV Spice Islander Septemba 2011. Waziri aliyekuwa na dhamana ya usafiri, Hamad Masoud Hamad wa CUF, alijiuzulu. Hakuna aliyedai kwamba yeye ndiye aliyekuwa nahodha; lakini dhamana ilikuwa yake, naye akaiacha nafasi. Mfano huo haukupaswa kuwa wa nadra.

Ugonjwa wa tatu ni kuuvunja mkataba kura zinapokaribia. Katika Suratun-Nahl, aya ya 92, Mwenyezi Mungu anatukataza kuwa kama mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara, kwa kufanya viapo kuwa hila eti kwa sababu kundi moja limelizidi jingine. Oktoba 28, 2015, uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa; CUF wakasusia ule wa marudio wa Machi 20, 2016, na kwa zaidi ya miaka minne kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu. Uzi uliosokotwa kwa taabu ukafumuka. Desemba 2020 Maalim Seif, akiwa ACT-Wazalendo, alikubali tena kuingia katika serikali ya Dk. Hussein Ali Mwinyi, baada ya uchaguzi ambao chama chake kiliyakataa matokeo yake. Miezi michache baadaye, Februari 17, 2021, alifariki dunia. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sisi wa Usambara tusidhani mambo haya ni ya visiwani tu. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, Semboja wa Mazinde na Shekulwavu wa Vugha waligombea ufalme wa Washambaa. Walioshindana walikuwa watu wa ukoo mmoja. Waliotekwa na kuuzwa utumwani walikuwa watoto wa wakulima.

Msimamo wetu ni huu. Kushindana si dhambi, na kushirikiana si kuacha kuulizana. Mtume (S.A.W.) alimweleza Abu Dharr (R.A.) kuwa uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto, ila kwa aliyeushika kwa haki yake na akautekelezea wajibu wake. Nabii Yusuf (A.S.) alitumikia katika dola isiyokuwa yake, na hakuitumia hali hiyo kuwa udhuru, hazina aliyoiomba aliilinda mwenyewe.

Basi mgombea akija, muulize yeye mwenyewe dhamana yake aliifanyia nini, kabla hujamsikiliza akimsema mshirika wake. Na wazazi tuwafunze watoto aya ya 8 ya Suratul-Maida, kwamba chuki ya watu isitutoe kwenye uadilifu. Baba akimhukumu kiongozi kwa rangi ya bendera, mtoto naye atajifunza kumhukumu jirani hivyo hivyo, na kususiana maziko kutarejea.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu hofu ya kuulizwa, na atupe sisi ujasiri wa kuuliza kwa adabu. Amin.