Kikapu Kimeishinda Stima

Wahenga walisema taratibu ndiyo mwendo, na kwa kupika githeri hakuna usemi wa kweli zaidi. Mahindi na maharagwe makavu hayapelekwi mbio. Lakini nawauliza, walimu wangu na wanafunzi wenzangu: tupike polepole kwa njia gani?

Siku hizi kuna chungu cha stima. Unatia chakula asubuhi, unachomeka waya, unaenda zako kazini, jioni unakuta kimeiva. Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, aliyepewa hataza mwaka 1940. Alisimuliwa na mama yake jinsi nyanya yake kule Lithuania alivyokuwa akipeleka chungu cha maharagwe kwa mwoka mikate, kikalala katika tanuri ambalo moto wake umeshapungua. Joto lililobaki ndilo lililopika. Kumbe hata stima ilikuwa inamwiga nyanya!

Sasa, ujuzi huohuo tunao hapa kwetu katika kikapu cha kupikia. Chukua kikapu kikubwa, kijaze blanketi kuukuu au matambara makavu pande zote. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yatokose barabara kwa nusu saa hivi katika maji mapya. Funika sufuria, itie kikapuni, izibe kwa mto mnene, usiichungulie. Baada ya saa chache yameiva. Kama bado magumu, yarudishe motoni kidogo.

Wapo watakaosema stima haina kazi nyingi. Jamani, hapo pana hatari. Maharagwe mekundu yana sumu ambayo huisha yakichemka kabisa kwa dakika 10 au zaidi. Chungu cha stima kikiwekwa joto la chini huenda kisichemke, na aliyeyala ataumwa na tumbo na kutapika. Kwa hiyo ni lazima kuyachemsha kwanza motoni. Basi kama moto wa kwanza hauepukiki, stima ya saa nane baadaye ni ya nini? Na ikipotea saa sita mchana, je?

Wazee nao watatetea mafiga matatu. Kweli, moshi una ladha yake, na moto huota watoto wakati wa baridi. Lakini moto huo wataka kuni kwa saa tatu, na kuni haziji zenyewe. Aghalabu anayetumwa ni msichana, tena jioni, wakati kaka yake amefungua kitabu. Kisha anapuliza moshi mpaka macho yawe mekundu, halafu tunashangaa ati mbona hisabati zimemshinda!

Sidai kwamba kikapu kinaweza kila kitu. Chapati hakipiki, na sufuria ya shule nzima haiwezi kuingia humo. Nyama nayo isiachwe humo mpaka ikapoa. Ichemshwe tena kabla ya kuliwa. Lakini kwa githeri, ndengu na mchele wa nyumbani, sioni mshindani wake.

Likizo hii, wavulana kwa wasichana, tushone kikapu kimoja kila nyumba. Matambara tunayo. Kuni zitakazobaki ni miti iliyosimama, na saa zitakazobaki ni za dada zetu kusoma. Mwenye macho haambiwi tazama.